Ushauri wa kwenda chuo katika shule za sekondari za serikali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa walimu, wazazi na wanafunzi wa shule za sekondari za serikali Tanzania Bara, hasa shule za kata. Majibu yametoka kwenye dawati la ushauri ambalo nimekaa nalo kwa miaka kadhaa, nikiwa na daftari, kalamu na simu moja. Tarehe za maombi hutangazwa upya kila mwaka, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wako kabla ya kufanya lolote.

Dawati la ushauri wa vyuo ni kitu gani hasa?

Ni mwalimu mmoja anayejulikana kwa jina, siku mbili za wiki zinazojulikana, na daftari lenye jina la kila mwanafunzi wa kidato cha nne au cha sita. Mbele ya kila jina kuna mambo matano: namba ya mtihani, hali ya cheti cha kuzaliwa, namba ya simu inayopatikana, anachotaka kusoma, na hatua aliyofikia.

Haifanani na semina ya hamasa. Nimeandaa semina hizo mwenyewe. Mgeni anafika na gari, anasema mkiamua mnaweza, watoto wanapiga makofi, na jioni hakuna hata mmoja anayejua kama jina la kwenye cheti chake cha kuzaliwa linalingana na lile lililosajiliwa NECTA, yaani Baraza la Mitihani. Hamasa watoto wetu wanayo tele. Nafasi zinawapotea kwenye karatasi na tarehe, na hapo ndipo ushauri unapotakiwa kukaa.

Shule yetu ina mwalimu wa malezi na unasihi. Kwani hatoshi?

Mwalimu huyo anabeba utoro, mimba, ugomvi wa nyumbani, mtoto aliyefiwa na mtoto asiyekula mchana. Na bado ana vipindi vyake darasani. Ukimwongezea mifumo ya udahili inayobadilika kila mwaka, moja kati ya kazi hizo litakufa, na litakalokufa ni lile lisilolia. Mtoto aliyefiwa utamwona analia. Aliyepitwa na dirisha la mkopo hutamwona kabisa, kwa sababu yuko kwao kijijini.

Kwa nini mnakazania shule za serikali?

Serikali iliondoa ada kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia Januari 2016, kisha kidato cha tano na sita kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Madarasa yakajaa, na katika waliojaa wengi ni wa kwanza ukoo mzima kufika kidato cha nne. Mtoto wa mjini mwenye mjomba aliyesoma Mlimani ana dawati lake la ushauri tayari: anampigia mjomba. Mtoto wa kata hana wa kumpigia. Baba anaweza kuuza mbuzi ili mwanawe asome, lakini hawezi kumwambia TCU na NACTVET wanatofautianaje, kwa sababu hajawahi kuambiwa na mtu.

(Kwa msomaji mgeni: Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inasimamia shahada. NACTVET inasimamia vyuo vya kati, yaani astashahada na stashahada, pamoja na mafunzo ya ufundi stadi. Ndiyo baraza lililokuwa likiitwa NACTE.)

Ushauri uanze lini?

Mwisho wa kidato cha pili. Najua wengi huanza matokeo yakishatoka, na wakati huo nusu ya milango imeshafungwa.

Kwenye shule nyingi, kidato cha tatu ndipo mwanafunzi anapoamua kuendelea na Fizikia na Kemia au kuziacha. Wengi wanaziacha kwa sababu zisizo zao: mwalimu wa Fizikia alihama, maabara haina vifaa, rafiki zake wote wameenda upande wa sanaa. Miaka miwili baadaye binti anakuja dawatini na kusema, "Mwalimu, nataka uuguzi." Tunafungua mwongozo wa vyuo vya afya pamoja. Kozi nyingi za afya ngazi ya diploma zinataka ufaulu wa Kemia na Biolojia, na nyingi zinataka na Fizikia. Ananyamaza, anasoma tena ule mstari kwa kidole, kisha anauliza kama kuna chuo kisichotaka. Mazungumzo hayo yangefanyika kidato cha pili yangechukua dakika kumi.

Hatumzuii mtu kwenda sanaa. Tunataka aende akiwa anajua anaacha nini.

Matokeo ya kidato cha nne yametoka. Wiki ile ya kwanza tufanye nini?

Waiteni shuleni wote, waliofaulu sana na waliofaulu kidogo. Mtihani hufanyika Novemba na matokeo kwa kawaida hutoka Januari. Baada ya hapo TAMISEMI (ofisi ya serikali ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) hufungua mfumo wa mtandaoni wa Selform ili wahitimu wabadilishe machaguo yao ya kombi, yaani masomo matatu ya kidato cha tano, na vyuo. Machaguo ya awali mtoto aliyajaza akiwa bado shuleni, kabla hajajua atapata nini. Alijaza PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) kwa matumaini, sasa ana C ya Kiswahili, Historia na Jiografia na D ya Kemia. Asipoingia kubadilisha, mfumo utamfanyia kazi kwa taarifa za zamani.

Kuingia kwenye Selform hakuhitaji utaalamu. Kunahitaji namba ya mtihani, simu yenye bando, na mtu wa kumwambia kwamba dirisha liko wazi. Hicho cha tatu ndicho adimu. Mwaka mmoja nilimtuma kaka mkuu wa zamani apande pikipiki kwenda vijiji vinne na orodha ya majina, kwa kuwa simu za wenyewe zilikuwa hazipatikani.

Mwanangu amepata divisheni ya nne. Ndiyo basi tena?

Hapana, mama. Naomba jibu hili lisomwe polepole, kwani ndilo swali linaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko mengine yote.

Kwenda kidato cha tano kunahitaji angalau C tatu. Asiyezipata, mtaa mzima unamwita aliyefeli. Lakini vyuo vya kati vingi hupokea mwenye D nne na kuendelea, masomo ya dini yasihesabiwe, mradi awe na yale yanayodaiwa na kozi husika. Ataanza ngazi ya astashahada na kupanda hadi stashahada. Akimaliza stashahada kwa GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 au zaidi, anaruhusiwa kuomba shahada ya fani inayoendana na aliyosoma. Atakuwa ametumia miaka mingi zaidi ya mwenzake wa kidato cha tano, ndiyo, ila mkononi atakuwa ameshika cheti cha kufanyia kazi: mifugo, kilimo, maabara, umeme, uhasibu, ufundi wa barabara.

Vilevile kuna VETA, yaani vyuo vya ufundi stadi, ambayo wazazi wengi huitaja kana kwamba ni adhabu. Mimi nina majirani watatu wanaoishi vizuri kwa uchomeleaji na umeme wa majumbani, na mafundi wao wawili ni wanafunzi wangu wa zamani.

Yuko pia anayetaka kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kabla ya kumruhusu, muulize anarudia ili apate nini. Kama kozi anayoitaka inadai D ya Fizikia naye ana F, kurudia kuna maana. Kama anarudia kwa sababu anaona aibu, aanze chuo.

Kidato cha sita: pointi ngapi zinatosha kwenda chuo kikuu?

Kiwango cha chini kabisa cha TCU ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.0, yakiwa ni masomo yanayotambuliwa na kozi husika. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinafika, na C pamoja na E zinafika.

Ila kufika kiwango cha chini si kupata nafasi. Udaktari unataka Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu, na ushindani wake ni mkali. Kila kozi ina sharti lake kwenye mwongozo wa udahili ambao TCU huutoa kila mwaka bure mtandaoni. Makosa ninayoyaona zaidi ni mwanafunzi mwenye pointi sita kuomba kozi tano zote za juu kwenye chuo kimoja chenye jina kubwa, na mwenye pointi kumi na mbili kuomba kozi asiyoipenda kwa kuwa aliogopa. Tunapanga pamoja: moja ya ndoto, mbili zinazomfaa, moja ya uhakika. Na maombi hupelekwa moja kwa moja kwa kila chuo. Ule mfumo wa pamoja wa TCU wa miaka ya nyuma ulishaondoka tangu 2017, ingawa bado nasikia wazazi wakiambiana "subiri TCU wampangie".

Vijana wako JKT wakati dirisha liko wazi. Inakuwaje?

Mtihani wa kidato cha sita ni Mei. Muda si mrefu wengi wanaitwa kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ya mujibu wa sheria, na matokeo kwa kawaida hutoka Julai wakiwa bado kambini. Maombi ya mkopo na ya vyuo yanaangukia miezi hiyohiyo.

Suluhisho ni kumaliza karatasi zote kabla hawajavaa kombati. Aprili, kabla ya mtihani, kila mwanafunzi anafungua barua pepe yake mwenyewe, anaandika neno la siri kwenye daftari lake, na kukabidhi nakala ya vyeti vyake kwa mtu mmoja anayemwamini nyumbani. Mtu huyo ndiye tunayewasiliana naye. Bodi ya Mikopo nayo imekuwa ikipita kambini kutoa elimu, na inasaidia. Ila elimu ya kambini haiwezi kumletea kijana cheti kilichobaki Sumbawanga kwenye sanduku la bibi.

Kwa nini mnasumbua watu na cheti cha kuzaliwa?

Kwa sababu maombi ya mkopo yanadai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo), au na mamlaka ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Aliyefiwa na mzazi anahitaji pia cheti cha kifo kilichohakikiwa. Uhakiki unachukua siku, na kupata cheti kipya kunachukua zaidi.

Halafu kuna majina. Kijana mmoja alikuja amenyooka kabisa, vyeti vyote kwenye bahasha ya kaki. Cheti cha kuzaliwa: Hamisi. Cha kidato cha nne: Khamis. Jina la baba kwenye kimoja lilikuwa la babu. Tukakaa naye mchana kutwa: hati ya kiapo kwa wakili, barua ya mtendaji wa kijiji, nauli ya kwenda wilayani. Akawahi, siku mbili kabla dirisha kufungwa. Mwaka uleule wenzake wawili hawakuwahi.

Tangu hapo ukaguzi wa majina tunaufanya kidato cha tatu, kabla ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne. Kila mtoto analeta cheti, tunalinganisha herufi kwa herufi. Asiye nacho, tunamwandikia mzazi barua na kumwelekeza pa kwenda. Shule ikiweza kufanya jambo moja tu kati ya yote yaliyoandikwa hapa, ifanye hili.

Kuna kijana wa steshenari pale senta anajaza fomu kwa bei nafuu. Kuna ubaya?

Wengi wao ni waaminifu na wanaokoa watu. Tatizo linaanza mteja akiwa hana barua pepe wala simu ya uhakika, na yule kijana, kwa nia njema tu, anajaza zake. Aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja anatakiwa kuthibitisha kimoja, kwa kutumia namba maalumu ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Ujumbe ule ukienda kwenye simu ya steshenari yenye wateja mia, nani atamtafuta mwanao?

Nendeni na vitu vitatu: barua pepe ya mwombaji mwenyewe, namba ya simu isiyobadilika (hata ya kitochi ya mama inatosha), na namba ya mtihani wa kidato cha nne iliyoandikwa kamili, ikianza na S, namba ya shule, namba ya mtahiniwa na mwaka. Aliyefanya mtihani mara mbili ana namba mbili, aziseme zote. Na msiondoke bila kuchapisha fomu iliyokamilika.

Mzee anaogopa mkopo wa chuo. Anasema watakuja kuchukua shamba.

Hofu hii naiheshimu, maana watu wameona jirani akinyang'anywa vyombo kwa mikopo ya mtaani. Shikamoo kwanza, kisha mweleze taratibu: hakuna shamba wala nyumba inayowekwa rehani. Mdhamini anajaza taarifa zake na kusaini. Anayedaiwa ni mwanafunzi mwenyewe, na akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikifanya deni livimbe, ilifutwa mwaka 2021.

Anayepewa ni mhitaji kulingana na tathmini ya Bodi, na si lazima apewe asilimia mia. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka 2022/23. Tangu 2023/24 mikopo imeanza kufika hata kwa baadhi ya kozi za stashahada, kwa hiyo mtoto wa chuo cha kati naye asome mwongozo wa Bodi. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF, ule wa kusaidia kaya maskini, iutaje pamoja na namba yake. Wapo wanaoificha kwa aibu, na wanajikosesha.

Saini ya serikali ya mtaa na ya kamishna wa viapo zisisahaulike. Fomu isiyo na saini haijakamilika, hata kama mtoto ni yatima mwenye divisheni ya kwanza.

Walimu wenyewe hatutoshi. Nani atafanya kazi hii?

Marekani chama cha washauri wa shule, American School Counselor Association, kinapendekeza wanafunzi 250 kwa mshauri mmoja, na shule nyingi za umma huko zinashindwa kufikia hapo. Njia moja waliyoijaribu ni College Advising Corps, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Virginia mwaka 2005: wahitimu wapya wa vyuo vikuu wanawekwa ndani ya shule za umma wawaongoze wanafunzi waliowaacha miaka michache tu nyuma.

Sisi watu wa namna hiyo tunao, ila hatujawapa kazi. Likizo ndefu ya vyuo vikuu inaangukia Julai hadi Oktoba, yaani kipindi kilekile cha maombi. Waliomaliza shuleni kwako wako nyumbani, wameshapita njia yote hii mwaka juzi, na wana simu janja. Na walimu wa mazoezi kutoka vyuoni hufika shuleni miezi hiyohiyo. Mkuu wa shule anaweza kuwapangia saa mbili za dawati kwa wiki. Mimi nimefanya hivyo kwa miaka miwili, na wanafunzi huwauliza maswali ambayo mimi kwa mvi zangu hawaniulizi: chumba kinapatikanaje, bumu likichelewa unakula nini, Kiingereza cha darasani kinatisha kiasi gani.

Kinachobaki ni mwalimu mmoja wa kushika daftari. Nashauri apunguziwe vipindi na aandikiwe barua ya uteuzi kama mwalimu wa taaluma anavyoandikiwa. Kazi isiyo na barua huondoka na mwenyewe akihamishwa.

Gharama zake?

Bando, karatasi na nauli ya kufuatilia wachache. Chumba si lazima, sisi tunakaa chini ya mwembe. Kamati ya wazazi ikielezwa huchangia bila shida.

Binti aliyekatishwa masomo na ujauzito naye anahusika?

Anahusika kabisa. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu aliyejifungua arudi kwenye shule ya mfumo rasmi. Anayeona uzito wa kurudi darasani na wadogo zake anaweza kusoma nje ya mfumo rasmi na kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Jina lake libaki kwenye daftari la dawati, na atafutwe kama wengine. Asisubiriwe aje mwenyewe, maana mara nyingi anadhani tumeshamfuta.

Vyuo vya mitaani vinavyogawa vipeperushi, tutajuaje ni vya kweli?

Tafuta jina la chuo na la kozi kwenye orodha ya NACTVET au TCU. Vyote viwili viwepo, kwani chuo kinaweza kusajiliwa na kozi isiwe na ithibati. Mwenye kipeperushi akikwambia "usajili uko njiani", usilipe.

Vijana wanamaliza chuo na hawana kazi. Kwa nini tuwasukume huko?

Ni kweli wapo, nami nawajua kwa majina. Ndiyo maana dawati halimsukumi mtu. Tunamuuliza anachoweza, kwao kuna nini, na kozi inaishia kazi gani. Binti wa wafugaji aliyekuja na wazo la uhasibu kwa sababu lilikuwa zuri masikioni aliondoka na fomu ya chuo cha mifugo, baada ya kueleza mwenyewe, kwa nusu saa nzima, jinsi ndama wao walivyokufa mfululizo. Mwingine tukamwambia aende VETA. Kilichotuuma ni yule wa tatu aliyetaka chuo, mwenye alama zote, akabaki nyumbani kwa sababu tu hakujua dirisha limefungwa lini.

Nilimaliza miaka minne iliyopita. Bado naweza kuja?

Njoo. Alama zako za kidato cha nne hazijafutwa, na vyuo vya kati hupokea waliomaliza zamani. Beba cheti au hata karatasi ya matokeo, cheti cha kuzaliwa kama unacho, na namba ya simu ya mtu wa nyumbani. Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa nane mchana. Usivae sare, wala huhitaji kumwomba mkuu ruhusa.